Mfupa, Sikio, Kwato: Mbwa Anapopata Shida na Vitafunwa Vibichi

Dakika kumi za kwanza hazina neno. Mbwa amelala chini, ameubana mfupa kwa miguu ya mbele, anaramba, anang'ata, mkia unapiga sakafu. Shida huja mwishoni, kilichobaki kinapokuwa kidogo cha kutosha kuingia mdomoni kizima naye anaona heri akimeze kuliko kukiacha. Miaka yote niliyowalisha mbwa wangu chakula kibichi na kusikiliza wenzangu wanaofanya hivyo, malalamiko mengi nikiyafuatilia naishia hapohapo: kipande cha mwisho. Mengine yanatokana na ugumu, mafuta na wingi. Yanayotokana na bakteria ni machache zaidi, ingawa ndiyo yanayotisha watu kwanza.

Ninaposema vitafunwa nina maana ya sehemu za mnyama anazopewa mbwa atafune: shingo na miguu ya kuku, masikio ya ng'ombe na nguruwe, koo la hewa la ng'ombe, kano, mkia, uume wa fahali uliokaushwa, kwato, pembe, na mifupa yenyewe. Faida zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa mbwa wa aina ya Beagle mifupa mibichi ya ng'ombe, na ukoga uliogandamana kwenye meno yao ukapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki tatu. Kutafuna kunamtuliza mbwa, kunampa kazi ya kufanya, na kunaviokoa viatu vyako. Koo la hewa husifiwa kwa gegedu yake kwamba inatibu viungo. Hapo ushahidi ni mwembamba, mpe kwa sababu analipenda.

Usisome zaidi, mpeleke sasa hivi, ikiwa:

- anapumua kwa shida, au ulimi na fizi vimegeuka rangi ya bluu au vimekuwa vyeupe;
- anajikamua kutapika na hakitoki kitu, huku tumbo limevimba na kukaza kama ngoma;
- kila anachomeza kinarudi, hata maji;
- anatoa kinyesi cheusi kama lami, au damu nyingi;
- miguu imelegea na hawezi kusimama.

Hakuna hata moja kati ya haya linalotibika kwa mafuta ya kupikia.

1. Anajipapasa mdomo, anadondosha udenda, anakohoa au kupaliwa

*Kinachotokea mara nyingi zaidi:* kipande kimebana kwenye kaakaa, kimelala kama daraja kati ya magego ya kulia na ya kushoto. Mbwa anapagawa kwa ghafla, anajikuna uso kwa miguu, anafungua na kufunga mdomo kama anayetafuna hewa. Mwite mtu amshike, inua taya la juu, mulika kwa tochi. Ukikiona na kimelegea, kisukume kuelekea mbele kwa mpini wa kijiko. Usiingize kidole usipopaona. Mbwa mpole kuliko wote huuma akiogopa, na kidole kinachopapasa gizani ndicho kinachosukuma kipande kuingia kooni.

*Kinachofuata:* pete ya mfupa. Mifupa ya mguu wa ng'ombe inayokatwa mviringo ili mbwa alambe uboho wa ndani ina tabia moja mbaya: ulimi unapita kwenye tundu, kisha taya la chini, halafu pete inaruka nyuma ya chonge na kukaa hapo. Yalinikuta. Nilihangaika dakika ishirini sakafuni jikoni, nimeupaka mfupa mafuta, nauzungusha, mbwa analia, na mdomo wa chini ukizidi kuvimba kila nilipovuta. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akaikata pete kwa msumeno mdogo kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumpakia kwenye gari. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: paka mafuta, jaribu kuizungusha mara mbili tatu kwa upole, isipotoka acha. Kila ukivuta, uvimbe unaongezeka na nafasi ya kutoka inapungua. Na mifupa ya mviringo haijaingia nyumbani kwangu tena.

*Nadra zaidi lakini ya hatari:* kipande kimekwama kwenye umio, njia ya chakula. Hapa mbwa anapumua sawa, ila anameza mate tena na tena, ananyoosha shingo, na akila chakula kinarudi kama kilivyoingia. Tofautisha kucheua na kutapika. Anayetapika tumbo linajikaza na kusukuma. Anayecheua anainamisha kichwa tu na chakula kinaporomoka. Mbwa wadogo, hasa jamii ya terrier, ndio wanaopatwa zaidi, na kitu chenyewe mara nyingi ni shingo ya kuku iliyomezwa nzima au kipande cha mwisho cha uume wa fahali. Usimpe mkate "usukume". Kila saa mfupa unapokaa pale unakula ukuta wa umio, na ukitoboka anaweza kufa. Hiki ni cha siku hiyohiyo, si cha kungoja kesho.

*Njia ya hewa ikiziba kabisa:* hatoi sauti, anarukaruka, ulimi unabadilika rangi. Fungua mdomo, toa unachokiona. Kisipoonekana, mbwa mdogo muinue kichwa kikiwa chini, mpige kati ya mabega kwa kiganja. Mbwa mkubwa mkumbatie kutoka nyuma, ngumi chini ya mbavu zinapoishia, sukuma kwa nguvu kwenda ndani na mbele mara tano. Hata kikitoka, apelekwe akaangaliwe.

Kinga ya yote haya ni moja. Kitafunwa kiwe kirefu kuliko mdomo wake, na ukichukue kinapobaki na urefu wa kidole chako cha kati. Mbwa mlafi usimpe vidogo ukidhani unamsaidia. Mpe kikubwa asichoweza kumeza, au ushikilie ncha moja mwenyewe hadi ajifunze kutafuna.

2. Anatapika

Angalia kwanza kilichotoka. Nyongo ya njano asubuhi na vipande vichache vya mfupa ndani yake, kisha mbwa anaomba chakula kama kawaida, mara nyingi inamaanisha alikula mfupa mwingi jana usiku na tumbo halikuumaliza. Mpe mifupa mchana, pamoja na nyama, wala si tumbo likiwa tupu. Kwa kawaida linakwisha lenyewe.

Akitapika ndani ya dakika chache baada ya kula, amekula kwa pupa. Punguza kasi: mpe kikiwa kimeganda kutoka kwenye friza.

Mafuta ni sababu ya tatu, na watu wengi hawaifikirii. Ngozi ya kuku, masikio ya nguruwe na uboho ni mafuta matupu. Mbwa ambaye hajazoea akipewa kingi kwa mkupuo anaweza kuvimba kongosho. Dalili yake wakiiona mara moja hawaisahau: anapiga magoti ya mbele, kifua chini, makalio juu, kama anayesali, mgongo umepinda, hataki chakula, anatapika. Hilo si la kutibu nyumbani.

La mwisho ni utumbo kuziba. Kapewa kano nene au ngozi iliyosokotwa, siku moja au mbili baadaye anatapika kila kitu, hapati choo, amejikunja kona. (Ngozi iliyosokotwa ile nyeupe ya kiwandani ni kitu kingine kabisa na sikio bichi. Imepitia kemikali, inavimba tumboni na inachelewa kusagika. Simpi mbwa wangu.) Picha ya eksirei ndiyo itakayosema.

Kosa ninalolisikia kila mara: mtu anamnywesha mbwa maji ya chumvi ili atapike mfupa aliomeza. Usifanye hivyo. Mfupa wenye ncha unaoshuka unaweza kukata. Ukirudi juu unakata mara ya pili. Na chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa.

3. Kinyesi cheupe kama chaki, au anajikamua na hapati choo

Hapa karibu kila mara jibu ni mfupa mwingi. Mpangilio unaotumiwa na wengi kwenye lishe mbichi ni karibu asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 viungo vya ndani, na nusu ya viungo hivyo iwe ini. Shida ni kwamba watu wanapanga bakuli vizuri, kisha wanasahau kuhesabu shingo tatu za kuku walizompa jioni. Shingo ina mfupa mwingi, na inaingia kwenye hesabu.

Kama kinyesi ni kikavu na cheupe lakini kinatoka, ondoa mifupa yote siku mbili, ongeza nyama isiyo na mfupa na ini kidogo, na maji kwenye chakula. Baadaye rudisha nusu ya kiasi cha awali.

Kabla hujakata shauri kwamba amefunga choo, mtazame akiwa nje. Mbwa mwenye utumbo uliovimba naye hujikamua, na anayetoa matone ya uji ana kuhara, kinyume kabisa cha ulichodhani. Dume anayeinama muda mrefu huenda anashindwa kukojoa, na hilo ni dharura ya masaa.

Akipitisha siku mbili bila choo, au analia akijikamua, au anatapika juu yake, simama hapo. Usimwekee dawa ya kusafisha tumbo ya binadamu. Zile zenye fosfeti zimewahi kuua mbwa wadogo. Wala usimnyweshe mafuta kwa nguvu, yanaingia mapafuni.

Na mifupa iliyopikwa, ya aina yoyote, haina nafasi kwenye mazungumzo haya. Moto unaikausha, inapasuka vipande vyenye ncha.

4. Kuharisha

Kitu kipya, kiasi kikubwa, siku moja. Ndiyo sababu ya kwanza na iko mbele sana kuliko nyingine. Anza na dakika kumi za kutafuna, kisha ondoa, weka kwenye friji, rudisha kesho. Ya pili ni mafuta, tumeshayaona. Ya tatu ni bakteria, na dalili zake ni homa, kamasi, harufu kali isiyo ya kawaida, mbwa amenyong'onyea.

Mbwa mkubwa mchangamfu anaweza kungojewa siku moja, maji yakiwepo. Mtoto wa mbwa asingojewe. Anaishiwa maji mapema, na kuharisha kwake kunaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi ambao hauhusiani na sikio ulilompa.

5. Damu kwenye kitafunwa, au anatafuna upande mmoja

Mstari mwembamba wa damu siku za kwanza, kwa mbwa mwenye fizi zilizovimba, si ajabu. Mtoto wa miezi minne hadi sita anabadilisha meno, ana meno 28 ya utoto yanayoachia njia 42 ya ukubwani; unaweza kulikuta jino dogo limebaki kwenye sikio la ng'ombe.

Lakini akiangusha kitafunwa, akitafuna upande mmoja, akikwepa kuguswa shavu, inua mdomo uangalie jino kubwa kuliko yote upande wa juu, lile lililo karibu chini ya jicho. Ndilo la kukatia, na ndilo linalopasuka. Bamba zima la upande wa nje linabanduka, na katikati pengine unaona kidoa chekundu au cheusi: moyo wa jino uko wazi. Mbwa hatakuambia. Ataendelea kula kwa wiki kadhaa, hadi siku unayoona uvimbe chini ya jicho. Jino la namna hiyo ling'olewe au litibiwe mzizi, na vyote viwili vinataka usingizi wa daktari.

Wahusika ni wale wale: pembe, kwato zilizokauka, na mifupa ya miguu inayobeba uzito wa ng'ombe. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama, kigumu mno. Kama hutaki kugongwa nacho kwenye goti, jino la mbwa wako nalo halitaki. Utaambiwa mbwamwitu wanatafuna mifupa tangu enzi na enzi. Ni kweli, na mafuvu yao yana meno yaliyovunjika.

6. Ananenepa na chakula hakijaongezwa

Vitafunwa ni chakula. Mwaka 2013 jarida la madaktari wa mifugo wa Kanada lilichapisha utafiti wa vijiti 26 vya uume wa fahali. Kijiti cha sentimita 15 kilikuwa na wastani wa kalori 88. Kwa mbwa wa kilo 23 hiyo ni kama asilimia 9 ya mahitaji ya siku; kwa wa kilo nne na nusu ni asilimia 30. Yaani mbwa mdogo akipewa kimoja, theluthi ya chakula chake cha siku imekwisha kuingia kabla bakuli halijashuka. Vihesabu vitafunwa ndani ya chakula chake cha siku, visizidi sehemu ya kumi ya kalori zake.

7. Anakonda, anahema, hatulii, anakunywa maji mno

Sababu za kawaida ni nyingine kabisa: kisukari, figo, minyoo. Vipimo vya damu vinaanzia hapo. Ila mwambie daktari kama unampa koo la ng'ombe. Tezi ya thairoidi imeng'ang'ania sehemu ya juu ya koo, na mchinjaji asipoiondoa mbwa anameza homoni siku baada ya siku. Moyo unakwenda mbio, uzito unashuka, mbwa mzee anazungukazunguka usiku kama mtoto. Kipimo cha homoni hiyo kitakuwa juu, na ukisimamisha koo kwa wiki kadhaa kinashuka bila dawa yoyote. Nunua koo lililosafishwa, mabomba ya hewa peke yake bila nyama ya shingo.

8. Anajikuna

Badilisha mnyama, usibadilishe umbo. Mtu anaacha sikio la ng'ombe na kumpa kano ya ng'ombe, kisha anashangaa. Ng'ombe na kuku ni miongoni mwa vyakula vinavyowasumbua mbwa zaidi. Mnyama mmoja tu ambaye hajawahi kumla, bakuli na vitafunwa, kwa wiki nane. Viroboto waondolewe kwanza. Mara nyingi hadithi inaishia hapo.

9. Mbwa mzima, watu wanaumwa matumbo

Mbwa anaweza kubeba bakteria wa Salmonella na kuwatoa kwenye kinyesi bila kuugua hata siku moja. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko uliohusishwa na masikio ya nguruwe ya mbwa: zaidi ya watu 150, majimbo zaidi ya 30, na mamlaka za afya zikawaambia watu waache kuyanunua. Yalikuwa makavu. Kukausha hakuui bakteria wote, na kugandisha kunawahifadhi tu.

Mahali pamoja pa kutafunia, panapoosheka. Si zulia wala kochi. Kipande kibichi kisikae nje zaidi ya saa mbili, pungufu kukiwa na joto. Mikono kwa sabuni sekunde ishirini. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu, mimi ningeacha vitafunwa vibichi kabisa.

Hatari nyingine iko kwenye ini na mapafu ya kondoo, mbuzi na ng'ombe. Yanaweza kuwa na malengelenge yenye maji, na ndani yake vichanga vya tegu, mnyoo bapa wa tumboni. Mbwa akila anapata tegu mdogo asiyemsumbua, lakini mayai yanayotoka kwenye kinyesi chake yakimwingia mtu yanaotesha vivimbe kwenye ini lake na mapafuni. New Zealand ilipolikabili hili iliagiza viungo hivyo vichemshwe nusu saa au vigandishwe kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 kabla mbwa hajapewa. Dawa ya tegu ni praziquantel. Ratiba aipange daktari.

10. Ananguruma ukimkaribia

Hajawa mkali, analinda mali. Usimnyang'anye na usimgombeze, utamfundisha kuuma bila kuonya. Badilishana naye: tupa nyama pembeni, akienda kuifuata chukua kitafunwa. Mbwa wawili wawe vyumba viwili, mlango umefungwa. Mwenye hofu ya kunyang'anywa ndiye anayemeza kipande cha mwisho. Ikiwa ameshauma mtu, tafuta mkufunzi, na vitafunwa visimame.

11. Miguu ya nyuma inalegea

Ni nadra. Inaanza nyuma, ndani ya siku chache inafika mbele, sauti ya kubweka inabadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walionyesha mwaka 2018 kwamba mbwa wenye ugonjwa huu wa neva walikuwa na uwezekano wa kukutwa na bakteria wa Campylobacter mara 9.4 kuliko wenzao, na wakanyoosha kidole kwa kuku mbichi, shingo zikiwemo. Wengi hupona, baadhi baada ya miezi. Wachache misuli ya kupumua inashindwa, ndiyo maana nimeweka dalili hii juu kabisa.

Ukienda kwa daktari kwa lolote kati ya haya, funga kipande kilichobaki kwenye mfuko umpelekee, pamoja na kingine kama hicho ambacho hakijaliwa. Kwa kuvilinganisha ataona ni kiasi gani kimeingia tumboni.